Milioni tatu za kobe

Jamaa zangu wote, wa Unguja na Pemba, wa Dar, wa Mombasa, na nyie mliotawanyika Ulaya na kwengineko. Hatujambo sote hapa Muscat. Watoto wazima, baba yao mzima, na mie mwenyewe mzima, alhamdulillahi. Najua nimekaa kimya kitambo. Na najua pia kwamba safari hii wengi wenu hamkuja kusoma kwa kunikumbuka, mmekuja kwa sababu mmesikia. Mmesikia kwamba dada yenu wa Muscat katumia "milioni tatu kumtibu kobe."

Haya, ni kweli. Sitakataa. Ila maneno yamepita kwenye WhatsApp kutoka simu hii hadi ile mpaka yamefika yakiwa na pilipili na ndimu, kwa hiyo leo nimeamua niyaandike mwenyewe, kwa hesabu, na niseme ninavyoona. Msimamo wangu nauweka mwanzo kabisa ili asiyetaka kusoma mpaka mwisho aondoke nao: mnyama ukishamfungia ndani ya ukuta wako, matibabu yake ni deni lako, si anasa. Na kwa kuwa deni lenyewe ni kubwa, refu, na linapanda kila mwaka, basi wengi wetu tusimnunue kabisa. Hayo mawili yanakwenda pamoja. Mkichukua moja mkaacha jingine mtakuwa hamkunielewa.

Kwanza niwaambie ni kobe gani huyu. Jina lake Mzee. Watoto walimpa jina hilo kwa ajili ya yule Mzee wa Mombasa, kobe mkubwa wa Haller Park pale Bamburi. Mnaikumbuka ile stori? Disemba 2004, baada ya tsunami, mtoto wa kiboko aliyebaki peke yake aliokolewa baharini karibu na Malindi, akaitwa Owen, akapelekwa Haller Park, na huko akamganda kobe mzee wa Aldabra kama mama yake. Picha zao zilizunguka dunia nzima na kitabu cha watoto kikaandikwa. Binti yangu alikisoma skuli hapa hapa Muscat, basi jina likawa ndilo hilo.

Lakini Mzee wetu si wa Aldabra. Ni wa jamii inayotoka Saheli, ule ukanda mkavu chini ya jangwa la Sahara, kuanzia Senegali na Mauritania mpaka Sudan, Ethiopia na Eritrea. Wataalamu wanamwita Centrochelys sulcata. Ukiwatoa wale wa Aldabra na wa Galapagos, hakuna kobe wa nchi kavu mkubwa kuliko huyu. Sasa sikilizeni hili, maana ndipo tabu yote inapoanzia. Anapoanguliwa anaenea kwenye kiganja cha mtoto. Ni kitu kizuri mno kukitazama, mviringo, macho meusi, anatembea kama mwanasesere. Dume akikomaa anapita kilo 40. Na anaweza kuishi miaka 50, 70 na zaidi. Yaani ukimnunulia mtoto wa miaka saba, kobe huyo ana nafasi nzuri ya kumzika aliyemnunua na kuzeeka pamoja na aliyenunuliwa.

Sie hatukumnunua. Mwaka 2020, wakati wa korona, wageni wengi walipoteza kazi hapa Oman wakafunga virago. Jirani zetu wa juu walikuwa miongoni mwao. Ndege ya kurudi kwao walipata, lakini kobe hawakuweza kumbeba, na duka walilomnunulia lilikuwa limefungwa. Wakatugongea mlango. Alikuwa kishafika kilo tano. Walitusimulia kwamba walimnunua kwa riali nane akiwa mdogo, na wamekaa naye miaka yote hiyo ndani ya nyumba, kwenye kiyoyozi, kando ya dirisha "ili apate jua." Tukamchukua. Leo ana kilo 14 na ana uwanja wake mdogo nyuma ya nyumba, tumemjazia mchanga na kumpandia nyasi, na kibanda cha kivuli.

Sasa ugonjwa. Mzee aliacha kula. Siku ya kwanza hatukushtuka, maana kobe akiamua kunyamaza hunyamaza. Siku ya tatu miguu ya nyuma ikawa inaburura. Siku ya tano akawa anajikamua kama anayetaka haja na hapati. Tukampakia kwenye beseni la nguo, tukamfunika taulo, tukaenda kwa daktari wa wanyama anayejua viumbe hawa. Si kila daktari anawajua. Tulipiga simu sehemu tatu kabla ya kumpata mmoja.

Picha ya eksirei ikaonyesha jiwe kwenye kibofu, kubwa kama yai la kuku. Daktari akatueleza vizuri, nami nawaeleza nyie kama alivyosema, maana nilikuwa sijui. Kobe wa nchi kavu hatoi mkojo kama wetu tu. Uchafu wa mwili wake unatoka kama uji mweupe, namna ya chumvi. Akiwa na maji ya kutosha uji huo unatoka laini. Akikaa miaka mahali pakavu bila kuroweshwa wala kunywa vya kutosha, uji unaganda, tabaka juu ya tabaka, mpaka unakuwa jiwe. Na kiyoyozi, jamani, kinakausha hewa kuliko mnavyodhani. Halafu kile kioo cha dirisha nacho hakikumsaidia. Mionzi ya jua ambayo mwili wake unaihitaji ili kutengeneza vitamini D na kujenga gamba haipiti kwenye kioo cha kawaida. Kobe anaota joto tu, faida ya jua haipati. Ndiyo maana gamba la Mzee lina vilima vilima kama mawe yaliyopangwa. Tulimpokea navyo.

Mtu atauliza, na kaka yangu wa Kikwajuni aliniuliza hivyo hivyo kwenye simu: "Mbona kobe wa huku porini hawapelekwi hospitali?" Kaka, kobe wa porini ana ardhi. Kule Saheli kwao kobe huyu huchimba shimo refu, akakaa ndani wakati wa joto na ukame, na humo kuna unyevunyevu. Mvua ikinyesha anatoka, anakunywa, anakula nyasi mbichi. Muscat kiangazi kinapita nyuzi 40 na zaidi, na nyumba zetu ni vigae na saruji. Achimbe wapi? Aliyemtoa kwenye ardhi yake akamweka juu ya vigae ndiye aliyechukua kazi iliyokuwa ikifanywa na ardhi. Sasa kazi hiyo inalipwa kwa riali.

Hesabu hizi hapa, naziandika kama zilivyo kwenye risiti, msije mkaambiwa vingine:

Kumwona daktari, riali 15.
Eksirei, riali 20.
Kupima damu, riali 35.
Dripu, sindano na kulazwa siku tano kwenye chumba chenye joto, riali 45.
Upasuaji pamoja na dawa ya usingizi, riali 280.
Kurudi mara tatu kukaguliwa, riali 10 kila mara, jumla 30.

Hiyo ni 425. Ongeza VAT asilimia 5, ambayo Oman ilianza kuitoza Aprili 2021, inakuwa riali 446 na baisa 250. Kwa shilingi za Tanzania ndiyo hizo karibu milioni tatu zenu.

Na bei zimepanda, hilo sikatai. Mwaka 2021 nilipompeleka mara ya kwanza kuangaliwa tu, kumwona daktari kulikuwa riali 10. Taa yake ya mionzi, ambayo inabidi ibadilishwe hata kama bado inawaka kwa sababu mionzi inakwisha kabla ya mwanga, niliinunua kwa riali tisa, sasa ni 14. Umeme nao, tangu ruzuku ilipoanza kupunguzwa hatua kwa hatua mwaka 2021, si ule wa zamani. Kobe hali nyama, hali kitu cha ghali, nyasi na majani makavu tu, lakini kila kinachomzunguka kimepanda.

Kwa nini matibabu yenyewe yawe ghali hivyo? Hapa naomba tuwe waadilifu, tusiseme tu kwamba madaktari wezi. Oman ina kliniki za mifugo za Wizara ya Kilimo, Uvuvi na Rasilimali za Maji, na zinafanya kazi kubwa, lakini zimewekwa kwa ajili ya mbuzi, kondoo, ng'ombe na ngamia, mali ambayo watu wanaishi nayo. Kobe wa kufugwa ni jambo la kliniki binafsi, na wateja wa kobe ni wachache. Daktari amenunua mashine ile ile ya eksirei na ya usingizi kama ya kutibu watu, lakini kobe anawaona wachache kwa mwezi. Halafu mnyama mwenyewe ni mgumu. Ana damu baridi, joto la mwili wake linategemea mahali alipo, kwa hiyo dawa haifanyi kazi vizuri mpaka apashwe joto kwanza. Kila kitu kinakwenda polepole ndani yake. Kuna sindano anayochomwa mara moja tu kwa siku tatu. Kumlaza usingizi ni kazi, kumwamsha ni kazi zaidi, anaweza kuchukua saa nyingi. Na ili kulifikia lile jiwe ilibidi wakate gamba la tumboni kwa msumeno mdogo, wafungue kama mlango, watoe jiwe, kisha warudishe kipande na kukiziba kwa gundi ngumu. Gamba linachukua mwaka na zaidi kuungana. Usione vyaelea, vimeundwa.

Kuna jambo jingine linaloongeza bili, nalo ni kimya cha kobe. Mbwa atalia, paka atajificha na kulalamika, mbuzi atapiga kelele mtaa mzima usikie. Kobe halii. Hata akiwa na maji kwenye mapafu hawezi kukohoa vizuri kama sie, utaona mapovu tu puani. Mpaka ugonjwa uonekane kwa macho, mara nyingi umeshakaa miezi. Kwa hiyo anayefika kwa daktari anafika akiwa hoi, na aliye hoi ni ghali kumtibu, awe mtu awe kobe.

Sasa nije kwenye maneno yenu. Yako ya aina mbili na nitajibu yote.

La kwanza ni la kubadilisha riali kuwa shilingi. Jamani, riali ya Oman imefungwa kwenye dola tangu mwaka 1986, riali moja ni kama dola 2.60. Shilingi yetu haikufungwa popote. Ndiyo maana kila ninachonunua huku, mkikipeleka kwenye shilingi, kinaonekana kama nimenunua shamba. Mie nalipwa kwa riali, nalipa kodi ya nyumba kwa riali 290 kwa mwezi, nanunua nyanya kwa riali. Bili ya Mzee ilikuwa kodi ya mwezi mmoja na nusu. Si pesa ndogo, nakubali, hata huku si ndogo. Lakini kwa kipimo cha huku ni tatizo la familia la kubana matumizi miezi kadhaa. Si utajiri unaomwagwa. Wengi mnadhani huku pesa zinaokotwa Corniche ya Mutrah kama makombe. Ingekuwa hivyo ningekuwa nishajenga Mbweni.

La pili ni zito zaidi, na aliyeliseme ni mtu ninayemheshimu, kwa hiyo nalijibu kwa adabu. Alisema: kuna watu hapa nyumbani hawana hela ya dawa ya presha, na wewe unampasua kobe. Neno hili lilinikaa moyoni siku mbili. Na jibu langu ni hili. Binadamu anatangulia, hilo halina ubishi, na kwangu limetangulia. Pesa za mama za kila mwezi hazikukosa hata mwezi mmoja. Ada ya mtoto wa marehemu dada ililipwa mwanzo wa muhula kama kawaida. Mfuko wa ugonjwa wa familia tunaouchangia sote haukuguswa. Kama ingebidi kuchagua kati ya kobe na dawa ya mtu, nisingechagua kobe, na ningemwambia daktari hivyo hivyo usoni.

Lakini hatukuwa kwenye uchaguzi huo. Pesa zilitoka hapa: riali 300 tulizoziweka kwa ajili ya kubadilisha makochi, riali 41 watoto walizotoa wenyewe kwenye sikukuu zao, na zilizobaki tulizikata kwenye mshahara. Sasa niulize na mie. Tulipokuwa tunaweka pesa za makochi, na wengi mlijua kwa sababu nilituma hata picha za kuchagua rangi, mbona hakuna aliyenipigia kunikumbusha wagonjwa wa presha? Mlisema lile la kijani linapendeza! Harusi ya mwaka juzi tulishona sare za vitambaa viwili, mbona hakuna aliyefanya hesabu ya dawa? Mgonjwa maskini anakumbukwa pale tu pesa inapokwenda kwa mnyama. Ikienda kwa kochi, simu au sare, anasahauliwa. Mie naona hilo si haki, kwa mgonjwa wala kwa kobe. Kochi haliumwi. Kobe anaumwa, na maumivu yake yametoka mikononi mwa watu.

Na sisi tuliolelewa kwenye vyuo tunajua, tulisomeshwa tangu wadogo habari ya yule mwanamke aliyemfungia paka, hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie. Kosa liko kwenye kumfungia. Ukishafunga mlango, njaa yake na ugonjwa wake vimekuwa vyako.

Pamoja na hayo mie si miongoni mwa wanaosema mnyama atibiwe kwa gharama yoyote ile. Huku Muscat nimewaona watu wanaokopa benki kwa ajili ya mnyama, na sitaki watoto wangu wajifunze hivyo. Kabla ya upasuaji, mie na mume wangu tulikaa tukaweka mpaka: riali 300 kwa ile hatua, si zaidi. Tukamwambia daktari wazi, kama damu itaonyesha figo zimekufa, au akifungua akakuta mambo mengine, asimwamshe. Watoto walilia. Tukawaeleza kwamba kobe hafi haraka, anaweza kukaa wiki nyingi bila kula huku anakwisha ndani kwa ndani, na kumwacha katika hali hiyo kwa kuogopa kuamua si huruma. Majibu ya damu yalikuja figo bado zinafanya kazi. Ndipo tukasaini. Kama majibu yangekuwa mabaya, leo ningekuwa nawaandikia stori fupi zaidi, na bado ningesema tulifanya wajibu wetu. Wajibu si lazima uwe upasuaji. Wajibu ni kumpeleka, kujua anaumwa nini, kumpunguzia maumivu, na kuamua bila kumkimbia.

Kumkimbia ndiko ninakokupinga. Kuna aliyenishauri, "mpeleke wadini umwachie, Mungu atamlea." Wadi za Oman si kwao, hakuna kobe wa nchi kavu wa asili nchi hii. Kobe mgonjwa ukimtupa wadini umemuua, tofauti ni kwamba hukutazama. Na kuna shemeji yangu aliyesema apikwe supu, huyo nimemsamehe kwa sababu anachekesha.

Nikiwaza juu ya bili hii huwa nawafikiria kasa wa Ras al-Jinz. Ukitoka Muscat ukashika njia ya Sur mpaka ncha ya mashariki kabisa, utafika ufukwe ambao kasa wa kijani wanapanda usiku kutaga. Serikali imeufanya hifadhi tangu 1996, watu wanakwenda na kiongozi, kimya, bila taa za ovyo, wanatazama na kuondoka. Kasa anafukia mayai yake anarudi baharini. Kasa yule hana bili, hana taa ya mionzi, hana jiwe la kibofu kwa sababu ya kiyoyozi cha mtu. Anachotaka kwetu ni tumwachie ufukwe wake. Ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kumpenda kiumbe wa namna hii. Na hata wale wanaojeruhiwa na nyavu, kwetu Afrika Mashariki kuna watu wanawatibu kwa michango, kama Local Ocean Conservation kule Watamu. Mtu akiwa na hamu ya kutoa pesa kwa ajili ya mnyama, hapo pana mahali.

Basi nimefika kwenye sababu hasa ya kuandika. Tangu nilipotuma picha za Mzee amefungwa bandeji tumboni, nimepata maombi manne, mawili kutoka kwa wapwa zangu, wanataka na wao kobe. Mmoja anataka nimletee kutoka Muscat nikija. Jibu ni hapana, wanangu, na shangazi yenu anawapenda ndiyo maana anasema hapana.

Kwanza, kobe huyu yuko kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe wa porini, na Oman ilijiunga nao mwaka 2008. Havushwi mpaka kwenye mkoba kama halua. Pili, msije mkafikiri basi mtaokota wa huko huko. Yule kobe wetu mdogo mwenye gamba bapa kama chapati, anayejibana kwenye nyufa za mawe sehemu kavu za Tanzania na Kenya, amechukuliwa sana kwa ajili ya wafugaji wa ng'ambo hadi mwaka 2019 akapandishwa kwenye orodha kali kabisa ya mkataba huo, biashara ya waliokamatwa porini ikapigwa marufuku. Tatu, kwa wenye watoto wadogo, viumbe hawa wanaweza kubeba vijidudu vya salmonela hata wakiwa wazima kabisa. Marekani ilipiga marufuku kuuza kasa na kobe wadogo chini ya inchi nne tangu mwaka 1975, kwa sababu watoto walikuwa wanawashika, wanawatia mdomoni, wanaugua. Nyumbani kwangu sheria ni moja: ukimgusa Mzee, sabuni.

Na kama kuna mtu, pamoja na yote haya, bado nia yake ni ile ile, basi ajiulize maswali manne kabla hajafungua pochi. Nani ninayemjua, kwa jina na namba ya simu, atakayemtibu akiumwa, na anatoza kiasi gani? Nina mahali pa ardhi, si vigae, pa kumweka akifika kilo 40? Nikihama nchi, nikipoteza kazi, nikifa, ni nani atamchukua, na je, nimeshamuuliza? Na kila mwezi naweza kuweka pembeni kiasi fulani, hata kidogo, kisichoguswa, kwa ajili ya siku ya jiwe? Sie sasa tunaweka riali tano kila mwezi kwenye mkebe wa maziwa juu ya friji. Kwa mwaka ni 60. Haitoshi upasuaji, lakini inatosha kumwona daktari na kupiga picha mapema, kabla jiwe halijawa yai. Asiyeweza kujibu maswali hayo manne asinunue, hata kama dukani bei ni riali nane. Wazee walisema rahisi ghali, nami nina risiti ya kuthibitisha.

Wapwa zangu, mnaotaka kobe, fanyeni hivi. Mwambieni baba yenu awapeleke Changuu. Ni mwendo mfupi tu wa boti kutoka Forodhani. Pale wapo kobe wakubwa wa Aldabra, ukoo uliotokana na wanne walioletwa zawadi kutoka Shelisheli mwaka 1919. Na wao wana historia ya uchungu. Walikuwa wengi, kisha wakaibiwa mno, kwa kuliwa na kwa kuuzwa, mpaka mwaka 1996 walibaki saba tu, ikabidi wajengewe uzio na kulindwa. Leo mnaweza kuwalisha majani kwa mikono yenu, mkawakuna shingo, wakanyoosha shingo kwa raha. Mkimaliza mnaosha mikono, mnarudi nyumbani kula. Nauli ya boti nitaituma mie. Kwa wote wanne. Hesabu imeshafanywa, na ni ndogo kuliko eksirei moja.

Mzee kwa sasa anakula, ila polepole, na kila asubuhi tunamrowesha kwenye beseni la maji ya uvuguvugu nusu saa. Daktari hakutuahidi kitu. Jiwe linaweza kurudi. Likirudi tutakaa tena, tutapima tena, na mpaka utakuwa pale pale tulipouweka.

Makochi ni yale yale ya zamani. Mkija kututembelea, kaeni upande wa kulia, wa kushoto springi imetoka.

Msalimieni mama, mwambieni nitampigia Ijumaa baada ya sala. Wasalaam.